Sheria ndogo za kelele mjini: zinashika wapi, zinakwama wapi? Tupeane uzoefu

Mtaa Tulivu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wale ambao kelele za mjini ndiyo kazi yao: wanaopima, wanaoandika sheria ndogo, wanaopokea malalamiko, wanaofunga spika na jenereta. Karibu kila jiji lina kifungu kinachokataza kelele, na bado watu hawalali. Kesi inafunguliwa, halafu inaanguka. Inaangukia wapi? Lawama za jumla tuziache. Mtu aweke hatua, vipimo na sababu.

Mizani

Nianze na kupima, maana hapo ndipo kesi nyingi zinapofia. Ukisema "desibeli 68" hujasema kitu mpaka ueleze umepimia wapi, saa ngapi, kwa muda gani, kwa kifaa gani, na mahali hapo pakoje chanzo kikiwa kimezimwa. Wakili wa mlalamikiwa ataanza na maswali hayo hayo.

Kifaa kiwe cha daraja la 1 au la 2 kwa IEC 61672, kiwango cha kimataifa cha vipima sauti. Kabla ya kuanza, valisha maikrofoni kalibreta, kile kidude kinachotoa sauti moja ya 94 dB kwenye hezi 1,000. Soma, rekebisha, andika. Ukimaliza kazi, rudia. Masomo hayo mawili yakitofautiana kwa zaidi ya 0.5 dB, tupa vipimo vyote vya katikati. Afisa anayeruka hiyo ya mwisho kwa sababu ya uchovu wa usiku anamfungulia mlalamikiwa mlango wa kutokea.

Maikrofoni ikae kwenye kisimamo, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini, na iwe mbali na ukuta au gari kwa mita 3.5 au zaidi. Ukisimama mita moja au mbili mbele ya ukuta, sauti inayorudi inaongeza karibu 3 dB. Sponji ya upepo haivuliwi. Upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, subiri, maana utakuwa unapima upepo. Mvua ikinyesha, funga vyombo.

Kisha pima mara mbili, chanzo kikiwaka na kikizimwa. Tofauti ikiwa 10 dB au zaidi, chukua namba ya kwanza kama ilivyo. Ikiwa 6 hadi 9, toa 1. Ikiwa 4 au 5, toa 2. Ikiwa 3, toa 3. Chini ya 3 huwezi kudai kwamba umepima chanzo hicho. Rudi saa ambayo mtaa umetulia zaidi. Mfano: muziki ukipigwa ni 61, ukizimwa ni 57. Tofauti ni 4, basi muziki wenyewe ni karibu 59. Mwenye chanzo akikataa kuzima, tafuta sehemu ya mtaa huohuo iliyo umbali uleule na barabara lakini imekingwa na jengo, upime hapo kelele ya kawaida ya mahali.

Jambo la mwisho ni wastani. Chukua saa moja ambayo dakika 59 ni 50 dB na dakika moja ni 80 dB. Wastani wa nishati, ule unaoandikwa Leq, unatoka karibu 62.5, maana ile dakika moja imebeba nishati nyingi kuliko zile 59 zote zikijumlishwa. Sheria isiyosema inataka Leq au kilele inaacha pande mbili zije mahakamani na namba mbili tofauti, na zote mbili ni za kweli.

Fundi Spika

Mkuu Mizani kamaliza, naongeza kwenye besi, maana ndiyo inayowaamsha watu na ndiyo ambayo kipimo kinaikosa.

Sheria nyingi zinataka dB(A), yaani desibeli zilizochujwa kwa uzani wa A. Uzani huo wa A umetengenezwa kufuata sikio la binadamu kwa sauti ndogo, kwa hiyo unapunguza sauti nzito: kwenye hezi 125 unatoa 16 dB, kwenye hezi 63 unatoa 26, kwenye hezi 31.5 unatoa 39. Sasa ona. Spika ya besi ikimwaga 75 dB kwenye hezi 63 ndani ya chumba cha jirani, kipima sauti kitasoma 49 dB(A). Afisa anaandika "iko ndani ya kiwango" huku dirisha linatetemeka mbele yake.

Dawa yake ni kupima mara ya pili kwa uzani wa C, ambao kwenye hezi 63 unapunguza chini ya 1 dB tu. Namba ya C ikiizidi ya A kwa 15 au 20, ujue tatizo ni besi, na hapo pima kwa bendi za oktavu, yaani sauti ikigawanywa kwa mafungu ya hezi, ukichukua zile za 63 na 125 peke yake. Sheria iandikwe hivyo tangu mwanzo, iwe na kikomo cha dB(A) na kikomo cha pili cha bendi za chini au cha dB(C). Bila hicho cha pili, ukumbi utapunguza sauti za juu, kipimo kitashuka, na jirani hatapata nafuu yoyote.

Karani wa Vifungu

Salaam wadau. Upande wa maandishi.

Kifungu cha kelele kina sura tatu. Cha kwanza kinakataza "kelele za kusumbua" kwa ujumla. Cha pili kinasema sauti isisikike wazi umbali fulani kutoka chanzo chake. Cha tatu kinaweka desibeli. Mimi nashauri vyote viwemo, kila kimoja na kazi yake. Cha pili kinamfaa askari wa doria asiye na kifaa, kwa gari lenye muziki au karamu. Cha tatu ni cha mitambo inayounguruma saa zote: feni, kompresa, jenereta, viwanda. Cha kwanza ni cha yale usiyoyatarajia.

Maneno ya jumla si lazima yaanguke. Mwaka 1949, katika kesi ya Kovacs dhidi ya Cooper, Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha isimame sheria ya jiji la Trenton iliyokataza vipaza sauti vya magari vyenye kelele kubwa na za kukwaruza. Lakini mwaka mmoja kabla, katika kesi ya Saia dhidi ya New York, mahakama hiyohiyo ilitengua sheria ya Lockport kwa sababu mkuu wa polisi alipewa uwezo wa kutoa au kunyima kibali cha kipaza sauti bila kigezo chochote kilichoandikwa. Kibali kiwe na masharti yanayosomeka: saa, eneo, kiwango, na siku ngapi jibu litoke.

Tena angalieni sana orodha ya misamaha. Sheria ya Florida ilikataza sauti ya gari isisikike wazi futi 25 au zaidi. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliitengua, na hayo maneno "isikike wazi" haikuyaona kuwa na utata. Kosa lilikuwa kuyasamehe magari ya biashara na ya siasa. Ukimruhusu mmoja kwa kuangalia anachosema, umeharibu kifungu kizima. Samehe kwa aina ya kazi na saa (ving'ora vya dharura, ukarabati wa bomba lililopasuka).

Saa nazo ziandikwe kwa ukamilifu. "Usiku" peke yake hautoshi. Kanuni za India za mwaka 2000 zinahesabu usiku kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na eneo la makazi lina 55 mchana na 45 usiku. Kanuni za Kenya za 2009 zinaanza usiku mapema zaidi, saa 2:01, na makazi kwa nje ni 50 mchana na 35 usiku. Hiyo 35 ni ndogo sana. Mitaa mingi ya mjini huizidi kwa magari tu, kwa hiyo anayeitegemea lazima afanye ile hesabu ya Mizani ya kutoa kelele ya mahali, la sivyo atashindwa mbele ya hakimu.

Mizani

Kweli, mkuu Karani. Hapo kwenye saa nina nyongeza: andikeni pia wastani ni wa muda gani. Kelele ya 60 dB kwa saa moja, ukiitawanya kwenye usiku wa saa nane ambao kwingine ni kimya, inashuka hadi 51. Ujerumani wameliziba hilo. Mwongozo wao wa kiufundi wa 1998 kuhusu kelele za mitambo unachukua ile saa moja ya usiku yenye kelele kuliko zote.

Na mlio wa aina moja, kama filimbi ya feni, unasumbua kuliko namba yake. Kiwango cha Uingereza, BS 4142, kinakubali kuongeza hadi 6 dB kwa mlio wa namna hiyo na hadi 9 kwa sauti za kugongagonga, ndipo ulinganishe na kelele ya mahali. Sheria ndogo inaweza kusema hivyo kwa sentensi moja.

Dada Shajara

Kwa walalamikaji, ndugu zangu, kifupi. Msilete "kila siku wanapiga kelele". Leteni daftari la wiki mbili. Kila mstari uwe na tarehe, saa ilipoanza, saa ilipoisha, chumba ulichokuwemo, madirisha wazi au yamefungwa, aina ya sauti, na kilichoharibika: mtoto kaamka, simu haikusikika. Siku zenye utulivu ziandikwe pia, ndizo zinazolifanya daftari liaminike. Programu ya simu itumieni kumwonyesha afisa aje saa ngapi. Maikrofoni ya simu haijakalibreshwa, msiipeleke kama ushahidi wa desibeli.

Afisa wa Zamu

Daftari kama la dada hapo juu linaokoa usiku mzima wa doria. Malalamiko mengi hufa kwa sababu afisa anafika saa tatu asubuhi kuchunguza kelele ya saa saba usiku. Zamu zipangwe kwa kufuata daftari.

Utaratibu wenyewe: barua ya kwanza kwa mlalamikiwa, isiyomtaja mlalamikaji. Watu wengi huishia hapo, maana wengine hawakujua kwamba sauti inafika ng'ambo. Ikiendelea, nenda upime. Ikithibitika, toa notisi. Notisi isiandike "punguza kelele". Iandike chanzo, saa, kiwango, sehemu ya kupimia, na tarehe ya mwisho. Mfano: "feni ya paa upande wa mashariki isizidi 40 dB(A) Leq ya dakika 15, mita moja nje ya dirisha la chumba cha kulala cha jirani, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi." Mita moja mbele ya dirisha ule mrudisho wa 3 dB umo, kwa hiyo sema kama kikomo kimeuhesabu au la.

Kwa karamu za usiku, njia ndefu haifai. Sheria ya Kelele ya Uingereza ya 1996 imenyooka: saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, afisa anapimia ndani ya nyumba ya mlalamikaji, anatoa onyo linaloweza kuanza kufanya kazi dakika 10 tu baada ya kukabidhiwa, na wakikaidi vyombo vya muziki vinaweza kuchukuliwa. Kumbi za biashara huogopa zaidi masharti ya leseni kuliko faini, kwa sababu faini huingizwa kwenye gharama na maisha yanaendelea, ila leseni ikisimamishwa mlango unafungwa.

Fundi Spika

Kwa wanaotakiwa kupunguza, kosa kubwa ni matundu. Ukuta unaozuia 50 dB ukiwa na uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake, wote unashuka hadi karibu 20. Mtu anajenga matofali mazito halafu anaacha nafasi chini ya mlango. Ziba kwanza, ndipo uongeze uzito.

Jenereta: usiifungie kwenye sanduku lisilopumua, itachemka na mwendeshaji ataacha mlango wazi, kazi yote bure. Weka njia mbili za hewa, ya kuingia na ya kutoka, kila moja iwe na kona na ndani ipakwe pamba ya mwamba. Bomba la moshi lipate mafla (kizuia sauti cha moshi) ya daraja la makazi na lielekee mbali na madirisha. Miguu ikae kwenye raba au springi, la sivyo mtetemo unapita sakafuni na kuibukia chumba cha pili.

Ukumbi: spika kubwa mbili zifanye spika ndogo nyingi zilizo karibu na wasikilizaji, zote ziangalie chini na ndani. Weka limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango ulichopanga, kwenye njia ya amplifaya, na boksi lake lifungwe kwa ufunguo asioshika mpiga muziki. Kwa chanzo kidogo kama spika au jenereta, kuongeza umbali kunashusha 6 dB kila umbali unapokuwa mara mbili: 70 kwa mita 10, 64 kwa mita 20, 58 kwa mita 40. Kelele ya barabara ndefu inashuka 3 tu kwa kila hatua hiyo.

Mtaa Tulivu

Asanteni sana wakuu. Swali moja: jenereta ya hospitali inasamehewa kwa dharura, lakini inawashwa kila wiki kwa majaribio. Hayo nayo ni dharura?

Karani wa Vifungu

Hapana, mkuu. Tenganisheni kwa maandishi. Umeme ukikatika, msamaha kamili. Majaribio yawe siku za kazi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, kwa muda usiozidi unaotajwa na mtengenezaji, na tarehe zibandikwe getini mapema.