Gitaa la umeme: darajani kuna hambaka (pikapu ya koili mbili) kali, shingoni niweke pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) gani isifunge sauti?

NyuziSita:
Habari zenu wakuu. Gitaa ni la freti 22, mwili wa mahogani, hambaka mbili, voliumu moja na toni moja (poti, yaani vidhibiti vya kuzungusha, zote ni kilo-omu 500, au 500k), swichi ya njia tatu. Darajani ipo JB ya kampuni ya Seymour Duncan, nayo sina ugomvi nayo. Shingoni imebaki iliyokuja na gitaa, haina jina, sumaku yake ni ya seramiki. Nikihamia shingoni sauti inapanda ghafla na kuziba. Kwenye sauti safi, noti nne zikipigwa pamoja zinakanyagana. Kwenye distosheni uzi wa sita unavuma tu. Nimepima kwa multimita kupitia kebo, voliumu wazi yote: darajani 15.8k, shingoni 13.6k. Nimebaki na mbili mezani, Jazz na '59, zote pikapu za Seymour Duncan. Ipi inaelewana na JB? Napiga zaidi sauti safi na solo laini.

FundiKoili:
Mkuu, tuanze na hizo namba. Ukipima kupitia kebo, poti ya voliumu inakuwa sambamba na koili, kwa hiyo kipimo kinasoma pungufu. JB yako hasa ni kama 16.3k na ya shingoni ni 14k. Poti ya toni haihusiki hapo, kapasita yake haipitishi mkondo wa DC.

Hiyo 14k ndiyo inayokuziba. Karibu na daraja uzi hautikisiki sana, ndiyo maana pikapu ya pale huzungushiwa waya mwingi ili ipate nguvu na mwili. Shingoni uzi unacheza kwa upana zaidi na besi ipo tayari. Ukiweka koili nzito pale unapata mambo mawili kwa pamoja: sauti inaizidi ya darajani, halafu mizunguko mingi inashusha kilele cha trebo, wakati trebo yenyewe shingoni ni haba tangu mwanzo. Tafuta kitu cha kati ya 7k na 8k. Usiogope kwamba ni nusu ya JB. Kilo-omu hazipimi nguvu moja kwa moja: waya mwembamba wa namba 43 ukizungushwa sawasawa na wa namba 42 utasoma zaidi kwa karibu robo. Hata joto linachezea kipimo. Shaba hupanda kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo 7.4k na 7.6k usizifanyie mjadala.

Trebo_Kali:
Kati ya hizo mbili, Jazz. Zote zina sumaku ya aina ya Alnico 5 na zote zimo kwenye hizo 7k mpaka 8k, ila Jazz besi yake imekaza na juu iko wazi. JB ina sauti nyingi za kati (si besi wala trebo) zinazosukuma mbele; ukitoka kwake kwenda kwenye Jazz unasikia kweli umebadilisha sauti. Na kwa mahogani ambayo tayari inavuma, sioni sababu ya kuongeza besi.

MzeeWaBluzi:
Hapo tutofautiane kidogo, ndugu. Ameandika solo laini. '59 ina besi nene zaidi na noti moja moja juu ya freti ya 12 inasikika imejaa, haikauki. Jazz kwenye amplifaya yenye trebo nyingi inaweza kuwa nyembamba kwa solo. Kama anatumia distosheni nyingi nakubali, Jazz. Kama ni kidogo tu, mimi natetea '59. Pikapu ya sumaku ya Alnico 2 nayo isisahaulike kwa solo, mguso wake ni mlaini, lakini besi yake inalegea na huyu mwenzetu analia na uzi wa sita, kwa hiyo simshauri.

FundiKoili:
Kabla hujatoa hela, fanya jaribio la bure. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi mpaka kichwa cha skrubu ya pikapu. Darajani weka 1.5 hadi 2 mm. Shingoni anza 2.5 mm upande wa uzi wa kwanza na 3 mm upande wa uzi wa sita, kisha hamia huku na huku kwa swichi mpaka mruko wa sauti uishe. Ukishashusha pikapu nzima, inua kidogo skrubu za nyuzi tatu nyembamba, robo mzunguko kila mara. Ikiwa pikapu ina waya nne, unaweza pia kuunga koili zake mbili sambamba badala ya mfululizo: nguvu inashuka, trebo inafunguka, na mvumo wa umeme bado unazimwa, tofauti na ukikata koili moja.

NyuziSita:
Nimeshusha hadi 3 mm. Mruko umepungua sana, lakini bado imeziba kwenye sauti safi. Nyuma inatoka waya moja tu iliyozungukwa na wavu wa chuma, kwa hiyo sambamba haiwezekani. Naelekea Jazz. Nichunguze nini kabla ya kuagiza?

Trebo_Kali:
Nafasi ya nyuzi. Weka rula juu ya pikapu ya shingoni, pima katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya wa sita. Kwa kawaida ni 49 hadi 50 mm, na pikapu ya kawaida inatosha. Zile pana za 52 au 53 mm ni za darajani kwenye magitaa ya tremolo. Angalia pia kina cha shimo, miguu mirefu hugonga chini na pikapu haishuki tena. Fremu ya plastiki ya shingoni ni fupi kuliko ya darajani, msizibadilishane. Ukitaka kifuniko, chukua cha aloi ya nikeli. Cha shaba ya njano (brass) kilichopakwa tu rangi ya nikeli hula trebo, na hiyo ndiyo unayoitafuta.

FundiKoili:
Waya za Seymour Duncan: nyeusi ndiyo ya moto (inayobeba sauti), inaenda kwenye swichi. Nyekundu na nyeupe ziunganishe pamoja, zilehemu, zifunge kwa utepe. Kijani na ile tupu (isiyo na ganda) zinaenda ethi (ardhi) nyuma ya poti. Usikopi rangi hizi kwa DiMarzio, kwao nyekundu ndiyo moto na nyeusi na nyeupe ndizo zinazounganishwa. Chuma cha kulehemu wati 40 kinatosha. Kwangua mgongo wa poti kwanza, la sivyo utaupasha muda mrefu na kuua poti.

Swichi ikiwa katikati na sauti ikatoka nyembamba, ya puani, haina besi, pikapu zimepingana fezi (mawimbi yao yanafutana). Unaweza kujua mapema: multimita kwenye 20k, waya ya moto kwenye ncha nyekundu, lalisha bisibisi juu ya koili zote mbili kisha ivute juu kwa ghafla. Namba itaruka kupanda au kushuka. Pikapu zote mbili lazima ziruke upande mmoja.

NyuziSita:
Na zikiruka tofauti?

FundiKoili:
Jazz ya waya nne: badilisha nyeusi na kijani tu. Ile tupu ibaki ethi, usiihamishe. Ingekuwa ya wavu kama hiyo ya zamani usingeweza, kwa sababu wavu na kifuniko vingegeuka kuwa moto na gitaa lingevuma kila ukiligusa. Hapo ni kulegeza skrubu nne za chini, kuchomoa sumaku na kuigeuza juu chini. Legeza tu, usizitoe, nyaya za koili ni nyembamba kuliko unywele.