Kushirikishana mafaili kati ya Ubuntu na Windows nyumbani

Mkazi wa Soweto, Mbeya: Habari zenu wakuu. Kompyuta yangu ya mezani ina Ubuntu, na mke wangu anatumia kompyuta mpakato yenye Windows 11, zote zikiwa kwenye ruta moja. Nifanye nini ili afungue folda yangu ya picha bila kuhangaika na flashi?

Fundi, Iringa: Ndugu, sakinisha Samba, programu inayoiwezesha Windows kufungua folda za Ubuntu kupitia mtandao, kisha uitaje folda hiyo katika faili la /etc/samba/smb.conf. Kinachowakwamisha wengi ni nywila: Samba hutunza nywila zake yenyewe, kwa hiyo hata mtumiaji aliyekwisha kusajiliwa kwenye Ubuntu ni lazima asajiliwe tena kwa amri ya sudo smbpasswd -a ikifuatiwa na jina lake.

Mwalimu, Tukuyu: Usifuate ushauri wa zamani wa kuwasha SMB1, toleo la kwanza la itifaki ambayo Windows na Samba hutumia kushirikishana mafaili; udhaifu wake ndio uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mwaka 2017.

Mkazi wa Soweto, Mbeya: Asanteni, imefunguka. Ila umeme ukikatika, na huku haukosi kukatika, anwani ya IP ya kompyuta yangu, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, hubadilika.

Fundi, Iringa: Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uitengee kompyuta yako anwani ya kudumu.