Naomba ushauri: kuainisha chanzo cha kifo kwa wagonjwa wa saratani ya damu

Ndugu zangu mliobobea katika utafiti wa tiba, nachambua vifo vya watu wazima wenye saratani za damu na nimekwama. Faili lililo mbele yangu ni la mgonjwa wa lukemia kali (saratani ya damu inayokwenda kasi) aliyepewa deksamethasoni, dawa ya steroidi inayoweza kupandisha sukari; sukari yake ikapanda, chembe nyeupe zikashuka, kisha akafariki; cheti kimeandika nimonia, basi. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, chanzo cha msingi ni ugonjwa ulioanzisha mlolongo uliofikisha kifo, kwa hiyo naona ni lukemia. Lakini nikiishia hapo, mchango wa umetaboli (jinsi mwili unavyotumia sukari na virutubisho vingine) unafutika, nao ndio hasa ninaoutafuta.

Lukemia sugu ya mailoidi, aina inayokwenda polepole, inanitatiza zaidi: tangu dawa yake ya imatinibu iidhinishwe Marekani mwaka 2001, wagonjwa wengi huishi miaka mingi, na baadhi hufa kwa moyo au kiharusi. Je, vifo hivyo nivihesabu kama matukio shindani (yaani yanayotangulia na kuzuia kifo cha saratani kisitokee), au nichambue vyanzo vyote vilivyotajwa kwenye cheti? Na aliyekuwa na kisukari kabla ya saratani, nimtenge na yule ambaye sukari yake ilipandishwa na dawa? Binafsi naelekea kuwatenga, ingawa nahofia makundi yatakuwa madogo mno.