Ekstrakti ya methanoli inaua bakteria, ya maji hamna kitu. Niandike nini kwenye ripoti?

Majani_Makavu: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina majani fulani (jina nahifadhi kwanza), nimekausha kivulini nikasaga, nusu nimeloweka kwenye methanoli nusu nimechemsha na maji maana watu wanaoyatumia kama dawa huchemsha. Nikidondoshea feriki kloraidi inakuwa kijani nyeusi so tanini (kemikali chungu za mimea) zipo, nikitikisa na maji povu linakaa hata robo saa, saponini hizo (kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni). Sasa kwenye sahani za Staphylococcus aureus (bakteria wa vidonda) diski ya karatasi yenye ekstrakti ya methanoli imetoa duara safiii lisilo na bakteria, ya maji bakteria wameota mpaka ukingoni. Naruhusiwa kuandika inatibu vidonda?

KemiaTu: Diski ya methanoli tupu uliweka? Sijaona ukiitaja. Methanoli yenyewe inaua bakteria, kama diski haikukauka vizuri hilo duara ni la methanoli sio la jani. Weka tupu iliyokaushwa vilevile na nyingine ya antibayotiki inayojulikana, sahani hiyohiyo. Bila hizo una picha nzuri tu.

Pitapita99: si uchemshe unywe yaishe 😂

Mama Sahani: Hata hiyo ya maji usiizike mapema mdogo wangu. Tanini na saponini ni molekuli kubwa, zinatembea kwa shida ndani ya aga (ile jeli ya kwenye sahani), so kukosa duara sio lazima kukosa nguvu. Hamia kwenye kimiminika, sahani ya vishimo 96, unapunguza ekstrakti nusu kwa nusu unakuza nyuzi 37 usiku kucha halafu unatia rangi ya resazurini, penye bakteria hai bluu inageuka pinki. Kiwango cha chini kabisa kilichobaki bluu ndo MIC yako, yaani kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kuota. MIC ya ekstrakti ghafi ikishuka chini ya mikrogramu 100 kwa mililita watu wataanza kukusikiliza.

KemiaTu: @Pitapita99 unacheka lakini moto nao una kesi. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alipokuwa anatafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa Artemisia annua alihofia joto linaharibu kitu, akahamia etha, ile inachemka nyuzi 35 tu, ndo artemisinini ikapatikana, Nobel 2015. Mleta mada loweka na fungu la tatu kwenye maji baridi ulinganishe.

Dokta_Mizizi: "Inatibu" futa kabisa. Andika "imezuia ukuaji wa S. aureus maabara", basi. Tanini zinashika protini yoyote, ya bakteria na ya mgonjwa, kwa hiyo bila kupima kwenye seli za binadamu hujui unaua nani. Na feriki kloraidi inakwambia kuna fenoli (kundi ambalo tanini zimo), haikwambii ni ipi, hapo utahitaji HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali moja moja.

Majani_Makavu: Asanteni sana, nimenoti yote. Ila resazurini stoo hamna, mbadala?

Mama Sahani: INT, nayo ni ya kupimia uhai, inageuka nyekundu penye bakteria hai. Ukikosa nayo, chota tone kila kishimo uweke kwenye aga safi, kesho yake utaona wapi wameota.