Wakili anadai hati ya baraza kabla ya kufungua shauri la talaka

Muulizaji, Morogoro:
Ndugu wanasheria, dada yangu, aliyeishi na mumewe miaka 14, amekwenda kwa wakili wa kujitegemea ili afungue shauri la talaka, lakini wakili amekataa kuandaa maombi hadi apate hati ya baraza la usuluhishi. Je, hacheleweshwi bure?

Wakili, Mwanza:
Poleni sana. Wakili huyo anamlinda. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia, isipokuwa katika mazingira machache, ombi la talaka kupelekwa mahakamani kabla baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na hati hiyo isizidi miezi 6 tangu itolewe. Niliwahi kumpokea mama aliyeifungua hati yake kutoka kwenye pindo la khanga, imekunjwa mara nne, na muda wake umepita kwa siku chache tu. Ilinibidi nimrudishe barazani, na iliniuma.

Muulizaji:
Nashukuru. Nyumba imeandikwa jina la shemeji, na dada hakuwa na ajira.

Wakili, Dodoma:
Asikate tamaa. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika upatikanaji wa mali. Hata hivyo, mchango huthibitishwa kwa ushahidi, kwa hiyo akusanye mapema risiti za saruji na mabati, pamoja na majina ya majirani waliomwona akiwapikia mafundi.