Meza niliyoiuza Dodoma imepasuka: dhamana ya fundi iishie wapi?

Seremala wa Keko:

Habari zenu, wakuu. Nina karakana ndogo Keko, Dar es Salaam, na kazi yangu kubwa ni samani za mninga. Mwezi wa sita nilimtengenezea mteja meza ya chakula ya watu sita, akailipia yote kabla ya kupakiwa kwenye lori la Dodoma. Wiki iliyopita alinitumia picha: uso wa meza umeachia katika maungio mawili, na ubao mmoja umepasuka kuanzia kwenye kichwa chake kwa urefu wa kiganja. Anasema hakuna aliyeiburuta wala kumwagia maji, nami sina sababu ya kumwona mwongo.

Kwenye risiti zangu hakuna neno lolote kuhusu dhamana. Huwa namwambia mteja kwa mdomo tu kwamba kukiwa na tatizo anipigie. Sasa amepiga. Nikisema nigharimie lori la kuirudisha, niitengeneze na kuipeleka tena, faida yote itakwisha na nitaingia mfukoni. Nikikataa, nitakuwa nimesema uongo, kwa sababu huwa najisifu kwamba kazi yangu naisimamia. Naomba ushauri wenu: wajibu wangu unaanzia wapi na unaishia wapi?

Mjasiri Biashara:

Mkuu, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, ndiyo maana maduka mengi yameandika hivyo ukutani. Mbao ni kitu cha asili, zina tabia zake. Isitoshe, mteja alipaswa kukueleza kuwa anaipeleka kwenye ukame.

Mzee wa Randa:

Mwanangu, usiusingizie mti. Mninga unasifika kwa kutocheza sana, hivyo ukipasuka hivyo ndani ya miezi michache, shaka ya kwanza ni ukaushaji na ya pili ni namna uso ulivyofungwa kwenye fremu. Mbao iliyoanikwa huku Pwani, hata ikikaa muda mrefu, mara nyingi hubaki na unyevu wa asilimia 14 au zaidi, kwa kuwa hewa yenyewe ina unyevu. Umeipeleka Dodoma mwanzoni mwa kiangazi, ambako mvua haitarajiwi mpaka karibu na Desemba. Lazima itoe maji na kusinyaa, na husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Kama uliukaza uso kwa skrubu pande zote, ukakosa nafasi ya kusogea, ulitarajia uende wapi? Ulipasuka kwa sababu uliunyima njia. Matundu ya skrubu kwenye fremu yangekuwa marefu kidogo, kwa mwelekeo wa upana wa uso, huenda tusingekuwa na mazungumzo haya.

Jambo jingine: je, upande wa chini uliupaka chochote? Vijana wengi hung'arisha juu kwa vanishi na kuacha chini pakavu, kisha hushangaa uso ukipinda.

Mama Makubadhi:

Mimi nashona viatu vya ngozi, si samani, lakini swali lako nililijibu zamani baada ya kuumia. Mkanda ukichomoka kwenye soli, hiyo ni sindano yangu, naushona bure hata baada ya miaka miwili. Soli ikilika kwa kutembelewa, hiyo ni safari ya mteja, na atalipa. Nimeyaandika hayo kwenye kikadi ninachokitia ndani ya mfuko, pamoja na onyo la kutovianika juani vikilowa, na tangu hapo sijagombana na mtu.

Wakili Mstaafu:

Maandishi ya ukutani hayafuti kila wajibu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, lipo sharti, hata lisipoandikwa, kwamba bidhaa hiyo iifae kazi hiyo. Kwa hiyo, ndugu fundi, mteja alikueleza nini hasa?

Seremala wa Keko:

Nimefungua daftari la oda. Neno «Dodoma» limo, nimeliandika kwa mkono wangu siku aliyotoa malipo ya awali, na lori nililitafuta mimi mwenyewe. Mzee wangu, skrubu ni nane na zote nilizikaza mpaka mwisho. Chini sikupaka kitu. Nimeshampigia mteja kumwambia kosa ni langu na kwamba sitamtoza hata shilingi; nilichokwama ni gharama ya lori.

Mzee wa Randa:

Lori la nini? Treni ya SGR inafika Dodoma tangu mwaka 2024. Nenda na randa, gundi, klampu na vipande viwili vya mninga uliokauka vizuri. Ufungue uso, uutenganishe pale ulipoachia, urande kingo na uziunge upya, kisha urefushe matundu ya skrubu. Ubao uliopasuka usiuzibe kwa unga wa mbao na gundi, kwa maana ufa utarudi, ubadilishe wote. Mwombe mteja akuruhusu kulaza kazi usiku mmoja ili gundi ishike, na kabla ya kuugeuza uso, upake sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao, upande wa chini.