Tupeane uzoefu: Ulimfundishaje mdogo wako au mpwa wako kuandika programu kwa kujifurahisha tu?

Mjomba Likizo
Wakuu habari za Jumapili. Dada kaniletea mwanaye likizo hii, yuko darasa la tano. Kanikuta kwenye laptopu naandika kazi zangu, kanikazia macho weee, mwisho akauliza, "Mjomba, na mimi naweza kutengeneza gemu?" Sitafuti cheti wala sitaki awe injinia. Nataka afurahi, na aache kunipokonya simu. Waliowahi kufundisha wadogo zao, wapwa, watoto wa jirani, mlianzia wapi na kiliwashinda nini? Matusi hapana.

Mama Pacha
Scratch, funga mjadala. Yule paka wa rangi ya chungwa. Ni programu ya bure, imetoka chuo cha MIT kule Marekani, ipo tangu 2007. Tafuta sehemu ya lugha kwenye menyu ya juu, chagua Kiswahili, umemaliza. Hakuna kuandika, mtoto anavuta vipande vya amri na kuvipachika kimoja chini ya kingine.

Pacha wangu siku ya kwanza walimtembeza paka mpaka akatoka nje ya skrini, ikawa kilio. Ndipo nikawaonyesha kwamba katikati ni sifuri, kulia mwisho ni 240, kushoto ni -240, juu 180, chini -180. Walielewa namba hasi kabla mwalimu hajazifikia, kwa sababu ya kumtafuta paka! Kulwa baadaye alimfuta paka kabisa, akachora kuku. Kuku anakimbizwa na mwewe, mwewe akimgusa kuku inasikika sauti ya Kulwa mwenyewe aliyoirekodi: "Mamaaa!" Tuliisikia hiyo "Mamaaa" nyumba nzima mpaka baba yao akaomba laptopu izimwe.

Nyanya Chungu
Hapo kwenye sauti nimecheka. Wangu alirekodi mbuzi.

Fundi Redio
Scratch ni ya chekechea. Darasa la tano mpe Python moja kwa moja, lugha ya programu ya kuandika kwa maneno, azoee kuandika.

Mama Pacha
Fundi, mtoto yuko likizo, hajaja kwenye usaili wa kazi.

Fundi Redio
Sikiliza kwanza. Ndani ya Python kuna turtle, kasa anayechora. Wazo lenyewe ni la zamani, limetoka kwenye Logo, lugha ya programu ya akina Seymour Papert, 1967, na ilitengenezwa kwa ajili ya watoto hao hao. Unaandika forward(100), kasa anaenda mbele, right(90), anageuka kulia nyuzi 90, unarudia mara nne, umepata mraba. Mtoto wa kaka yangu akaniuliza, "Baba mdogo, nikiweka 91?" Nikamwambia weka. Tukafanya kila mstari uwe mrefu kidogo kuliko uliotangulia, tukamwambia kasa arudie mara mia mbili. Mraba ukaanza kujipinda taratibu, ukawa kama ua linalozunguka. Aliita mpaka bibi yake aje kuona. Hapo hukuwa na haja ya kumbembeleza tena.

Ila tahadhari moja: faili lako USILIITE turtle.py. Python italisoma hilo la kwako badala ya turtle yenyewe, italeta makosa ambayo mtoto hatayaelewa, na wewe utakesha. Liite kasa.py, au jina la mtoto, lolote lingine.

Kijiwe Huru
Watoto waachwe wacheze mpira nyie. Mtoto wa darasa la tano anakaa na Python, mnataka avae miwani kabla ya kubalehe?

Mama Pacha
Wangu mpira wanacheza, na kuku wa Scratch anakimbizwa. Siku ina saa nyingi.

Dada wa Mbagala
Acheni niwasimulie ya kwetu halafu ndiyo mwamue.

Shangazi yangu ana steshenari. Kompyuta mbili, printa, mashine ya kutoa kopi. Ulikuwa msimu wa kuomba mkopo wa chuo, mnaujua ule, foleni inatoka mlangoni inafika kwa muuza chipsi. Sasa mdogo wangu, kidato cha pili, usiku wake alikuwa amefundishwa na binamu yetu kutengeneza yale mafaili ya bat ya Windows. Unaandika mistari miwili kwenye Notepad, unahifadhi, ukibofya mashine inatii. Binamu akamwonyesha amri ya shutdown, kwamba unaipangia sekunde na unaiwekea na ujumbe. Wakacheka, binamu akalala.

Dogo hakulala. Asubuhi kaenda kumsaidia shangazi dukani na flashi mfukoni. Akalitumbukiza faili kwenye folda ya Startup, ile ambayo chochote kilichomo kinajiwasha chenyewe kila ukiwasha kompyuta.

Basi. Mteja anakaa, anaanza kujaza fomu, mara unatokea ujumbe: NIMECHOKA, NAENDA KULALA. Dakika moja, pu! Giza. Inawashwa. NIMECHOKA, NAENDA KULALA. Pu! Shangazi akaanza kukemea kwa jina la Yesu, mkono juu ya monita. Mama mmoja kwenye foleni akasema hicho chumba zamani alipanga mganga. Kijana mmoja alikuwa ameshajaza mpaka taarifa za mdhamini, akakaa chini kwenye ngazi akaanza kulia. Na dogo yupo pale pale kwenye kona anakata picha za pasipoti na mkasi, uso mkavu, hata kukohoa hakohoi.

Fundi akaitwa. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema virusi vimeshafika ndani kabisa, hapa dawa ni kupiga Windows upya. Akapiga, akafuta diski nzima. Barua za watu za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya muhula ya shule ya jirani iliyokuwa inasubiri kuchapwa, vyote kwaheri. Mwalimu akatokea na karatasi zake za rimu kwapani, anauliza mitihani yake iko tayari? Dogo kusikia hivyo akaweka mkasi chini…

Ngoja niepue ugali, nakuja.

Kibuyu Kikavu
Chai hii, na sukari imezidi.

Nyanya Chungu
We dada rudi!! Ugali gani huo?

Fundi Redio
Si chai, inawezekana kabisa. Kinachouma ni kwamba kabla dakika haijaisha ungeandika shutdown /a tu, inasitisha. Halafu unabonyeza vitufe vya Windows na R, unaandika shell:startup, folda inafunguka, unafuta faili. Basi. Huyo fundi kala hela ya bure.

Mtaa wa Waya
Mafundi msitusemee. Mteja anakuletea mashine ana foleni nje, anataka saa hiyo hiyo, wewe utaanza uchunguzi kama polisi?

Fundi Redio
Kuuliza "mafaili yako umeyahifadhi kwingine?" nayo ni uchunguzi?

Mtaa wa Waya
Njoo ukae mezani kwangu siku moja halafu uandike tena.

Kijiwe Huru
Dogo achapwe.

Mama Pacha
Dogo anunuliwe kompyuta yake mwenyewe, hiyo ndiyo dawa. Na huyo binamu ndiye wa kulipa Windows.

Mswahili wa Likoni
Hamjambo nyote. Sisi kompyuta hatuna, twatumia simu. Kwa mtoto wa ndugu yangu niliweka Pydroid, ni Python ndani ya simu ya Android, haihitaji bando ukishaipakua. Tulifanya mchezo wa kubahatisha namba: simu yaficha namba, mtoto akitaja kubwa yamwambia "shuka", akitaja ndogo yamwambia "panda". Yeye akabadilisha, ukikosea simu yakutukana. Matusi ya adabu, wallahi, "kichwa cha papa" na mengineyo. Tabu ni kibodi. Mabano na nukta pacha kuvitafuta kwachosha, na akikosea nafasi mwanzoni mwa mstari Python yagoma.

Nyanya Chungu
Mjomba, mtoto akifanya usishike kipanya! Mimi nilikuwa nakaa juu ya mikono yangu. Ukimsahihishia mara moja tu, anakuachia kazi yote anaenda kula embe.

Mtaa wa Waya
Bora umsahihishie kuliko akate tamaa. Wa kwangu alikwama kwenye koma moja, akaiacha Python mpaka leo.

Kibuyu Kikavu
Dada wa Mbagala, ugali umeungua?

Nyanya Chungu
Mwalimu alifanyaje jamani, nina kazi asubuhi.

Mjomba Likizo
Uzi wangu umetekwa. Nimechukua paka kwanza, kasa baadaye. Sasa mnijibu moja: laptopu yangu ina RAM ya GB 4, na huku intaneti ni ya kubahatisha. Scratch itakubali?

Mama Pacha
Inakubali. Pakua ile ya kuweka kwenye kompyuta kabisa, hata kwa rafiki mwenye bando, beba kwa flashi. Inafanya kazi bila intaneti.

Kijiwe Huru
Flashi iangalie vizuri kwanza isije ikawa ya yule dogo.